Nataka kujiundia kompyuta ya kuediti harusi hapa Mwanza, nianze na prosesa gani?

kijana_wa_Mkolani
Wakuu mwangaluka. Mi ni mpiga video, harusi, sendoff, ubarikio, misiba pia ikitokea, niko Mkolani. Kazi zote nafanyia laptopu ya 2017 ambayo sa hivi nikiweka klipu tatu tu kwenye taimulaini inaunguruma kama bodaboda inapanda Bugando na abiria wawili, af picha inasimama. Jumamosi bibi harusi kanipigia mara nne anauliza video iko wapi, nikamwambia iko jikoni, na kweli ilikuwa jikoni, imeganda asilimia 61 tangu saa tatu usiku.

Nimejichanga nina milioni moja na laki nane. Monita ninayo, kibodi na mausi ninavyo. Nataka niunde deskitopu mwenyewe kipande kwa kipande. Nimepita town maduka matatu, wa kwanza kaniambia chukua i7 usiangalie nyuma, mashine nzima laki sita na nusu, kwenye kikaratasi imeandikwa i7-4770 ramu 16. Wa pili kasema AMD zinachemka sana. Wa tatu kasema Intel siku hizi zimekufa. Nimetoka pale kichwa kinauma kuliko nilivyoingia.

Kamera tunayotumia na mwenzangu inarekodi 4K ya H.265, ile ya biti 10 4:2:2. Na kuna dogo hapa nyumbani anataka apige gemu za mpira mi nikilala. Nianze na prosesa gani na vingine vifuateje? Nawasilisha.

sato_mkavu
Nimekaa juu ya jiwe hapa nasubiri wataalam.

sangara_mbichi
Mkuu hiyo i7 iache hapo hapo dukani. Muuzaji hajakudanganya, ni i7 kweli, ila ni i7 ya 2013. Mtu akikuambia anauza Land Cruiser akanyamaza mwaka wewe si unauliza mwaka? i3, i5, i7 ni cheo tu. Umri uko kwenye namba zinazofuata, zikiwa nne chukua ya kwanza, 4770 ni kizazi cha nne, 8500 cha nane, zikiwa tano chukua mbili, 12400 ni kizazi cha kumi na mbili. Sasa angalia i3-12100 ya 2022, ina kori 4 (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) na thredi 8 (mikondo ya kazi), sawasawa kabisa na hiyo i7 yako, na bado inaiacha mbali maana kila kori inafanya kazi nyingi zaidi kwa muda ule ule, na umeme inakula kidogo, ile imeandikwa 84W hii 60W.

Ramu za ile ni DDR3, siku ukitaka kuhamia mashine mpya hazihamishiki, kile kipengo kati ya meno kiko sehemu tofauti haziingii hata ukilazimisha. Na Windows 11 haiitaki rasmi, inataka kuanzia Intel kizazi cha nane au Ryzen za AMD za 2000, na TPM 2.0 (chipu ya usalama) juu. Windows 10 nayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo unanunua mashine ambayo tayari iko kwenye foleni ya kustaafu.

kijana_wa_Mkolani
Aisee. Yani jamaa alikuwa anaipigapiga begani kama mwanae.

FuruWaKayenze
Sangara kasema kweli. Mi ushauri wangu nenda Ryzen 5 5600 na mazabodi (ile bodi kuu) ya B550, mambo yaishe. Kori 6 thredi 12, 65W, feni yake inakuja ndani ya boksi, inatumia DDR4. Na uzuri wa AMD ni soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, AM4 ilianza 2016 na bado watu wanaichomekea prosesa nzuri mpaka leo, wewe ukipata hela unatoa 5600 unaweka 5700X ya kori 8 bila kugusa kitu kingine chochote. Intel wao ukitaka kupanda ngazi unabomoa nyumba.

Ila ukishawishiwa mazabodi ya B450 ya mtumba uliza kwanza baiosi (programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine) imeapdetiwa? Ikiwa na baiosi ya zamani haizijui hizi 5000, unachomeka kila kitu feni zinazunguka hakuna picha, unaanza kumlaumu mchawi.

Na hizo habari za AMD kuchemka ni za miaka ile ya FX, prosesa zao za zamani. Watu walishazika hilo jina.

Ngosha_B
@FuruWaKayenze mbona umemficha kijana jambo? 5600 haina picha ndani, yani haina grafiki yake yenyewe. Bila kadi ya grafiki hata baiosi haoni, atabaki na monita nyeusi. Ukitaka yenye picha kwenye familia hiyo ni 5600G, na hiyo G kashe yake (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni nusu, MB 16 badala ya 32.

Sasa twende kwenye kilichoandikwa, maana watu mmekimbilia jina la prosesa hamjasoma kazi. Jamaa kasema H.265 biti 10 4:2:2. Hapo ndo pa kuanzia. 4:2:2 inabeba taarifa za rangi maradufu ya ile 4:2:0 ya kwenye simu, na kuifungua ni kazi nzito, kama hakuna sehemu maalum kwenye chipu ya kuifungua basi prosesa inaifungua kwa misuli na ndo hapo picha inasimama. Kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50, hata zile zinazofungua H.265 ya 4:2:0, 4:2:2 zinairuka. Vega ya ndani ya 5600G nayo inairuka. Intel kuanzia kizazi cha kumi na moja wanaifungua kwenye ile picha ya ndani ya prosesa, Quick Sync. Hata kile kidude cha UHD 730 kwenye i5-12400 ambacho watu wa gemu wanakicheka.

Kwa hiyo i5-12400, kori 6 thredi 12, kadi ya grafiki anunue akishalipwa harusi mbili tatu. Kwa hela ile ile anafanya kazi kuanzia siku ya kwanza.

FuruWaKayenze
Hapo kwenye 4:2:2 nimeshika adabu. Kweli sikusoma mpaka mwisho, nilivyoona "gemu" mikono ikaanza kuandika yenyewe 😂 Ingekuwa kamera ya kawaida ya 4:2:0 ningekomaa na wewe mpaka asubuhi.

dada_wa_Pasiansi
Kaka yangu mi naediti pia. Wakati unasubiri hiyo mashine tengeneza proksi, yani klipu zote unazigeuza kuwa nakala ndogo za 720, unaediti hizo nyepesi, mwisho programu yenyewe inarudi kwenye zile kubwa wakati wa kurenda, yani kutoa video kamili. Laptopu yako ya 2017 itaweza. Bibi harusi wa watu asisubiri AMD na Intel wapatane.

kijana_wa_Mkolani
Dada nimejaribu sa hii. Inatengeneza taratibu lakini taimulaini inateleza kama sabuni. Miaka yote hii nilikuwa wapi.

mjomba_Igoma
Mnamzungusha kijana bure. Akanunue refa (refurbished, iliyotumika ikakarabatiwa) ya ofisini, OptiPlex au EliteDesk ya i5-8500, kori 6, Windows 11 inakubali, inakuja imefungwa kila kitu, chenji inabaki anakula sato na familia.

sangara_mbichi
@mjomba_Igoma mzee wangu kwa kuandika barua na hesabu za duka nakuunga mkono asilimia mia, mi mwenyewe nilimnunulia mama hiyo hiyo ya duka lake la vitenge. Kwa huyu hapana. Picha ya ndani ya kizazi cha nane haifungui hiyo 4:2:2. Af zile mashine za ofisi nyingi vipande vyake ni vya kwake mwenyewe, soketi ya pawasaplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine) sio ile ya pini 24 ya kawaida, mazabodi haihamii keisi nyingine, ukitaka kuweka kadi yenye kiu unakuta waya haupo. Siku kimoja kikifa unatafuta kile kile cha mashine ile ile. Kujenga kuna faida hiyo, kikifa kimoja unabadili kimoja.

mama_bodi
Nimesoma toka juu mpaka hapa, wanaume mmebishana prosesa uzi mzima hakuna hata mmoja aliyetaja umeme.

Mi nina meza ya ufundi Nyakato. Mashine zinazoletwa kwangu zimekufa, prosesa iliyokufa yenyewe kwa ugonjwa wake nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Pawasaplai nimeacha kuhesabu. Na ikifa vibaya haiendi peke yake, inaondoka na mazabodi, mara nyingine na diski yenye harusi za watu.

Ile pawasaplai inayokuja bure ndani ya keisi imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, inyanyue kwanza. Ni nyepesi kama kopo tupu la Blue Band. Juzi nilifungua moja mbele ya mwenyewe ili asiseme fundi kaniibia, kwenye bodi ya ndani pale umeme unapoingia pamechorwa sehemu ya koili, pamechorwa sehemu ya kapasita, vyenyewe havipo. Wameruka kwa vipande viwili vya waya. Mchujo wote wa umeme wa mtaani umegeuka kuwa vijiti viwili vya waya, af huyo kaka alikuwa ananiuliza kwa nini mashine yake inazimika jirani akiwasha mashine ya kuchomelea.

Soma kibandiko, usisome ile namba kubwa. Tafuta mstari wa 12V, angalia ampea, zidisha kwa 12. Nimekutana na ya "500W" ina ampea 18 kwenye 12V, hiyo ni 216W tu ndo zako, maana prosesa na kadi zote zinanyonya huko. Nunua ya kampuni inayoeleweka, 550W yenye alama ya 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme ovyo), hiyo itakutosha hata siku ukiweka kadi ya kawaida. Ukiwa huna hela punguza prosesa, chukua i3-12100 hutajuta. Pawasaplai usipunguze.

UPS nayo sio anasa huku kwetu. Ya 650VA inakupa mfano 360W hivi, dakika chache, usidhani utamalizia harusi kwa UPS, ni ya kusevu na kuzima kwa heshima. Betri ya ndani ni ile ya asidi ya 12V, kwenye chumba cha bati lisilo na dari inachoka haraka, usiiweke juu ya kabati iweke chini penye hewa. Kuna UPS za bei ya chini zikihamia kwenye betri umeme wake una pembe pembe, baadhi ya pawasaplai nzuri zinaukataa mashine inazimika ile ile dakika uliyoinunulia UPS. Ijaribu ukiwa na risiti mkononi, chomoa ukutani mashine ikiwa inafanya kazi nzito uone.

Halafu nyumba yako ina waya wa ardhini? Ukigusa keisi kwa mgongo wa mkono ukahisi inakutekenya, hauna.

kijana_wa_Mkolani
@mama_bodi hiyo ya kutekenya laptopu yangu inafanya hivyo nikiwa pekupeku, nilidhani ni baridi ya sakafu 😳

mama_bodi
Muite fundi umeme. Leo.

Mhasibu Mstaafu
Vijana hamjambo. Nafuatilia kutoka Sengerema, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe town kwangu imekuwa kama kuvuka barabara, nami nafikiria kumuundia mjukuu. Swali langu ni moja. Ramu ya 16 nichukue kipande kimoja au vipande viwili vya 8? Muuzaji ameniambia ni sawa, 8 na 8 ni 16.

Ngosha_B
Shikamoo mzee. Hesabu yake ni sahihi ila barabara ni tofauti. Prosesa hizi zina njia mbili za kuzungumza na ramu, kipande kimoja kinatumia njia moja, viwili vinatumia zote. Kama unategemea picha ya ndani ya prosesa tofauti inaonekana kwa macho, maana hiyo picha haina ramu yake, inakopa ya mashine. Na mazabodi yenye sloti nne vipande viwili vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio mbili za kwanza zinazofuatana. Watu wengi wanakosea hapo.

Ila jiandae, ramu zimepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia kuuzia hizi seva za akili mnemba. DDR5 ndo usiseme. Ndo maana kwa bajeti hii AM5 ya AMD nimeiruka, soketi nzuri ya tangu 2022 lakini inakula DDR5 tu hakuna mjadala. Hii ya Intel LGA1700 unachagua mwenyewe, kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5, soketi ya prosesa ile ile. Angalia jina, nyingi za DDR4 zina D4 mwishoni. Usije ukanunua mazabodi ya DDR5 na ramu ya DDR4 mzee wangu, hazioani hata kwa mahari.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba. Nimeandika kwenye daftari.

kijana_wa_Mkolani
Wakuu nimepanga hivi, kosoeni. i5-12400, mazabodi H610, ramu DDR4 8 mbili, SSD ya NVMe (diski ya kasi) 500GB, pawasaplai 550W Bronze, keisi yoyote, UPS 650VA. Prosesa kuna dalali kanitumia picha, ni 12400F, bei iko chini kidogo. Nikamuuliza F ni nini akasema F ni Full, yani imekamilika.

FuruWaKayenze
😂😂😂😂

sangara_mbichi
Full jamani 😭

Ngosha_B
Nimetoa machozi kwenye daladala la Buhongwa watu wananiangalia. Mkuu F ni ile isiyo na picha. Yani dalali kakupa ile ile tuliyoikimbia toka ukurasa wa kwanza. Hapo unachukua i5-12400 kavu isiyo na herufi yoyote. Ukiona 12500 kwa tofauti ndogo ya bei ichukue, ile ina UHD 770 yenye mitambo miwili ya kufungua video, 730 ina mmoja. Tofauti ikiwa kubwa achana nayo.

Na hizo kubwa za kizazi cha 13 na 14, i7 na i9 za K, ukiletewa mtumba uwe na mashaka nazo. Zilikuwa na tatizo la kujipa volti nyingi zinajichosha, Intel wakatoa marekebisho ya baiosi Agosti 2024 na kuongeza waranti miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayaponyi iliyokwisha kuchoka. 12400 haimo kwenye hilo.

dada_wa_Pasiansi
H610 ina sloti mbili tu za ramu. Ukishaweka 8 na 8 umefika mwisho, siku ukitaka 32 unavitoa vyote viwili unauza kwa hasara. Kwa video 32 utaitaka, naongea na makovu. Tafuta B660 yenye sloti nne. Na hiyo NVMe ya 500 weka Windows na kazi unayoediti sasa hivi tu, harusi zilizoisha hamishia kwenye hadi diski (hard disk) ya kawaida, mtu hataki kulipia kasi ya MB 3,500 kwa sekunde kwa ajili ya video ya ubarikio ambayo mwenyewe alishaichukua.

kijana_wa_Mkolani
Nimebadilisha. B660 D4. Keisi nimeshusha daraja ili hela itoshe.

kijana_wa_Mkolani
MREJESHO.

Wakuu nilipotea wiki tatu. Prosesa na mazabodi nimeagiza Kariakoo vikaja na basi, nimevipokea Nyegezi stendi saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijasaini nikafungua boksi pale pale kwenye benchi la mama lishe, tochi ya simu mdomoni, nikainua kile kifuniko cha plastiki cha soketi maana niliambiwa kwenye hizi pini ziko upande wa mazabodi na moja ikipinda umekwisha. Zilikuwa zimenyooka zote zinang'aa kama dagaa wamemwagwa juani. Kondakta akaniuliza ni madini?

Jana usiku nimeanza kufunga. Prosesa nimeiweka kile kipembe cha dhahabu kinaelekeana na alama, nikabana lile lever likatoa mlio wa kukwaruza mpaka nikafumba macho, nimesoma ni kawaida. Feni ya Intel ina miguu minne ya kubonyeza, unabonyeza kona na kona inayotazamana nayo, nimeelewa hilo. Kosa nilifanya kabla. Chini ya feni nikakuta kitu cha kijivu kimepakwa mistari mitatu, nikadhani ni uchafu wa kiwandani nikakifuta na kitambaa cha miwani mpaka pakatakata.

mama_bodi
Mungu wangu. Hiyo ndo pesti yenyewe, ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa.

kijana_wa_Mkolani
Nimejua leo asubuhi 😩 nimenunua kasindano ka pesti town, nimeweka kama punje ya choroko katikati. Sasa tatizo. Nimewasha, feni zinazunguka, taa za ramu zinawaka, monita inasema hakuna signo. Nimezima nimewasha mara sita. Dogo ananiangalia kama nimeuza shamba la ukoo.

FuruWaKayenze
HDMI umechomeka kwenye mazabodi? Huna kadi, kwa hiyo ni ile ya mazabodi.

kijana_wa_Mkolani
Ndiyo mkuu ni pale pale pa mazabodi.

Ngosha_B
Toa ramu moja, bonyeza iliyobaki mpaka usikie klik pande zote.

kijana_wa_Mkolani
Nimefanya. Bado.

mama_bodi
Acha kuwasha. Piga picha kona ya juu kushoto ya mazabodi, juu ya prosesa.

kijana_wa_Mkolani
[picha]

mama_bodi
Mwanangu hapo juu kabisa kuna soketi ya pini 8 iko wazi. Hiyo ndo inalisha prosesa. Ile kubwa ya 24 inalisha mazabodi, ndo maana feni zinazunguka, lakini prosesa yenyewe ina njaa. Tafuta waya unaogawanyika nne na nne, umeandikwa CPU. Kuna mwingine unafanana unagawanyika sita na mbili, huo ni wa kadi, ukiona unagoma kuingia usilazimishe.

kijana_wa_Mkolani
IMEWAKA

kijana_wa_Mkolani
Imewaka wakuu. Ule waya niliufunga vizuri na raba nyuma ya keisi nikidhani ni wa ziada.

sato_mkavu
Nimeshangilia mpaka jirani kagonga ukuta.

Ngosha_B
Hongera mkuu. Ingia baiosi angalia ramu inakimbia ngapi, zikitoka boksini zinakimbia taratibu hata kama zimeandikwa 3200.

kijana_wa_Mkolani
Inaonyesha 2133. Nimewasha XMP, ile settingi ya kasi ya ramu, imekuwa 3200. Yani nisingeuliza ningekaa na 2133 mpaka kiama.

Sasa matokeo. Zile klipu za 4:2:2 zinacheza bila proksi, niliruhusu Quick Sync kwenye settingi za programu, tatu juu ya nyingine bado zinacheza, nikiongeza ya nne yenye kusahihisha rangi zinaanza kukwama kidogo ila sio kuganda. Joto wakati wa kurenda 70 na kitu, usiku. Mchana bati likipata moto inafika 80, nimeambiwa mpaka 100 ndo inajipunguza yenyewe. Harusi ya bibi yule nimemaliza kurenda wakati nachemsha chai, chai yenyewe ilikuwa bado haijachemka vizuri.

Umeme umekatika juzi saa mbili usiku, UPS ikapiga kelele, nikasevu nikazima nikalala. Fundi umeme alikuja pia, tukachimba nyuma ya choo, keisi haitekenyi tena.

Kitu kimoja hakuna aliyeniambia. Keisi niliyonunua ina feni mbele zenye taa za rangi, ilikuwa ya bei rahisi kuliko isiyo na taa sijui kwa nini. Majuzi vile vidudu vya ziwani vikaja, unajua vile vinainuka kama moshi juu ya maji, mi nimeacha dirisha wazi kwa joto taa zote za nyumba zimezimwa inawaka mashine tu. Asubuhi feni ya mbele ilikuwa imeota manyoya. Nimevifuta na brashi ya viatu vimejaa kiganja.

mama_bodi
Zima hizo taa kwenye programu au chomoa kiwaya chake. Af kata soksi ndefu za kike zile laini, ivute mbele ya feni ibane na fremu. Hewa inapita, kidudu hakipiti. Ioshe kila Jumapili. Kwangu nusu ya mashine za watu wa Igombe na Kayenze zinavaa soksi.

FuruWaKayenze
Nathibitisha, yangu inavaa.

kijana_wa_Mkolani
😂 nimeomba za dada, kanipa zilizochanika, zinafaa upande mmoja.

Dogo kaanza kuulizia kadi ya gemu.

FuruWaKayenze
Hapo ndo zamu yangu sasa. RX 6600 ya GB 8, inakula 132W, waya mmoja wa pini 8, pawasaplai yako inaibeba. Ukiweka, monita ihamishie kwenye kadi, na uingie baiosi uilazimishe picha ya ndani ibaki imewashwa maana nyingi zinaizima zikiona kadi, utapoteza Quick Sync uje hapa ulie. Usinunue RX 580 ya mtu aliyekuwa anachimbia sarafu za mtandaoni hata akikuapia kwa msikiti.

kijana_wa_Mkolani
Nimemwambia asubiri harusi za Disemba. Kajibu atakuja kushika taa bure.

Mhasibu Mstaafu
Kijana, hiyo soksi ni lazima iwe nyeusi?